Safu ya Maabara: Je, Uwatu Unazuia Mafuta ya Mwili?

Tangu toleo lililopita nimeulizwa swali moja na watu watatu tofauti, mmoja wao akiwa mwalimu (simtaji, mwenyewe anajijua). Swali ni hili: ni kweli kwamba wanasayansi wamegundua kuwa uwatu unazuia mwili kutengeneza seli za mafuta? Chanzo chake nakijua. Kuna ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye makundi ya familia zetu, wa mama mmoja mwenye sauti tamu ya kushawishi, anayesema kwamba kijiko cha uwatu asubuhi kabla hujala kitu kinaua mbegu ya unene, na kwamba jambo hilo limethibitishwa maabara. Mimi mwenyewe nimetumiwa mara nne, mara mbili na mtu mmoja.

Jibu fupi ni kwamba wapo watafiti waliopata matokeo ya namna hiyo. Wapo pia waliopata kinyume chake, mwaka ule ule, kwa mbegu ile ile na kwa seli za aina ile ile. Jibu refu linahitaji nafasi, na mhariri amenipa, kwa hiyo tukae.

Kwanza uwatu wenyewe. Waliokulia kwenye nyumba za watu wa Unguja, Mombasa au Maskati hawahitaji kuelezwa: ni zile mbegu ndogo za manjano iliyofifia, ngumu kama changarawe, zinazotiwa kwenye achari na kwenye mchuzi wa samaki, na ambazo mzazi hupewa baada ya kujifungua ili maziwa yashuke. Waarabu wanaziita hulba, Wahindi methi. Jina la kitaalamu ni Trigonella foenum-graecum, na sehemu yake ya pili maana yake ni majani makavu ya Wagiriki, kwa kuwa zamani mmea huu ulilishwa mifugo. Ukiuloweka usiku, asubuhi unaukuta umetoa ute. Ukiupiga sana unaumuka na kuwa povu. Ule ute ni nyuzinyuzi ziitwazo galaktomanani, tutazirudia. Harufu yake inatokana na molekuli iitwayo sotoloni, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayosikika kwenye asali ya mti ya Kanada, ile inayomwagwa juu ya chapati za maji. Kati ya mwaka 2005 na 2009 wakazi wa New York walikuwa wakipiga simu kuripoti harufu tamu isiyoeleweka hewani, mpaka ikagundulika kuwa inatoka kwenye kiwanda ng'ambo ya mto, New Jersey, kilichokuwa kikisindika uwatu. Bibi yangu angewaambia bila ya mashine yoyote.

Sasa seli. Kiswahili kina neno zuri, shahamu, kwa mafuta ya mwilini, lakini nikiandika seli za shahamu nusu yenu mtadhani nazungumzia mkia wa kondoo. Nitabaki na seli za mafuta.

Seli ya mafuta haizaliwi ikiwa na mafuta. Huanza ikiwa seli changa, nyembamba na ndefu, isiyo na kazi maalumu. Ikipata ishara inayofaa hubadilika: hujiviringa, huwasha jeni zilizokuwa zimelala, halafu huanza kuhifadhi matone ya mafuta ndani yake. Karibu kila unaposikia kwamba mmea fulani umepimwa kwenye seli za mafuta, basi umepimwa kwenye ukoo mmoja tu wa seli za panya, unaoitwa 3T3-L1. Asili yake ni mwaka 1962, George Todaro na Howard Green walipokuwa New York wakikuza seli zilizotoka kwenye vijusi vya panya. Walizihamisha kila baada ya siku 3, seli laki 3 katika kila kisahani, na hapo ndipo lilipotoka jina 3T3. Baadaye Green akaona kwamba baadhi ya seli hizo zikiachwa zimepumzika hujaa matone ya mafuta. Mwaka 1974 yeye na O. Kehinde wakachapisha habari zake. (Jirani zetu wa chama cha wanafunzi wa Kinaijeria watalitambua jina: Kehinde kwa Kiyoruba ni pacha anayezaliwa wa pili.) Vitukuu vya seli hizo viko hai mpaka leo katika maabara duniani kote, pamoja na ile tunayofanyia mazoezi sisi.

Muhula uliopita tulizikuza. Unaziacha zijaze kisahani mpaka zigusane, unasubiri siku mbili, kisha unazipa mchanganyiko wa vitu vitatu: insulini, deksamethasoni ambayo ni ndugu wa homoni ya kotisoli, na kemikali inayoitwa IBMX. Baada ya siku mbili tatu unabadilisha maji ya chakula chao, na kuanzia hapo kazi ni kubadilisha na kungoja. Ikifika siku ya 8 au ya 10, nyingi zimejaa matone yanayong'aa chini ya darubini kama mafuta ya nazi juu ya mchuzi. Unazitia rangi nyekundu iitwayo Oil Red O, inayoshika mafuta, unasuuza, halafu unaiyeyusha rangi iliyobaki kwa alkoholi na kuipima kwa mashine ya mwanga. Wekundu ukizidi, mafuta ni mengi. Anayetaka kuujua mmea wake huongeza mchujo wa mmea huo katika baadhi ya visahani, vingine akaviacha bila kitu, mwisho akalinganisha.

Ndani ya seli amri hupita kama zinavyopita kwenye chombo cha baharini. Mabaharia wa mwanzo kuamka ni protini mbili, C/EBP beta na C/EBP delta. Hao humwamsha nahodha, PPAR gamma, akisaidiwa na C/EBP alfa. Mwaka 1994 maabara ya Bruce Spiegelman huko Boston ilionyesha kwamba ukimtia nahodha huyu kwenye seli za kawaida ambazo hazikukusudiwa kuwa za mafuta, zinageuka kuwa za mafuta. Ndiyo maana tafiti nyingi za mitishamba huishia kwenye swali moja: mmea huu umempa nahodha nguvu au umempunguzia?

Na hapa ndipo uwatu unaponoga. Mwaka 2010 watafiti wa Pune, India, walitengeneza mchujo wa mbegu za uwatu usioharibika kwa moto, wakaupa seli za 3T3-L1. Mafuta yalipungua, katika seli zilizokuwa bado zinakua na hata katika zilizokwisha kukomaa, na PPAR gamma akashuka pamoja na C/EBP alfa. Panya waliolishwa mafuta mengi wakapewa mchujo huo uzito wao ulipungua, na mafuta ya damu pia. Nadhani yule mama wa ujumbe wa sauti, au aliyemwandikia, aliisikia habari hii.

Mwaka huo huo wa 2010 watafiti wa Kyoto, Japani, walichukua diosijenini, molekuli inayotoka kwenye uwatu, wakaipa seli hizo hizo. Seli zikakomaa na kuwa za mafuta kwa wingi zaidi. Wakawalisha panya wanene wenye kisukari chakula kilichotiwa unga wa uwatu, asilimia 2 ya chakula chote. Sukari ya panya ikawa nafuu, na seli zao za mafuta zikawa ndogo zaidi. Someni tena sentensi hiyo. Uwatu ulizisaidia seli za mafuta kukomaa, na panya wakapata nafuu.

Nani amesema kweli? Sioni sababu ya kumwita yeyote kati yao mwongo. Mchujo wa mbegu ni sufuria nzima: una protini, nyuzinyuzi, saponini na vingine vingi. Diosijenini ni kiungo kimoja kilichotolewa kwenye sufuria na kuonjwa peke yake. Tena ndani ya mbegu yenyewe diosijenini haikai huru, imefungwa na sukari, na ni lazima ifunguliwe kwanza. (Molekuli hii ina makuu yake: katika miaka ya 1940 Russell Marker aliitoa kwenye viazi vikuu vya mwituni vya Meksiko akaigeuza kuwa homoni ya projesteroni, na kutoka huko ikaja tasnia nzima ya vidonge vya uzazi wa mpango.) Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "uwatu" umefanya hivi au vile, muulize: uwatu upi? Unga? Maji yake? Uliochemshwa au uliolowekwa kwenye spiriti? Kwenye magazeti maswali haya hupotea yote, linabaki jina la mbegu na picha ya tumbo bapa.

Kuna swali jingine ambalo mimi huliona la kwanza kabisa, na ni jepesi. Je, seli zilikuwa hai? Chukua jiki ya kufulia nguo, tia tone kwenye kisahani, halafu pima wekundu baada ya siku 8. Nakuhakikishia hutaona mafuta hata kidogo. Jiki imezuia ukuaji wa seli za mafuta! Mtafiti makini lazima aonyeshe kwamba dozi aliyotumia haikuua wala kudhoofisha seli, na vipimo vya kufanya hivyo vipo, ni vya kawaida, hata sisi tulifundishwa. Ukikuta makala ya mmea fulani haina kipimo hicho, ifunge.

Lakini kinachonikera zaidi katika ujumbe ule ni jambo lililo nyuma ya maneno yenyewe, ile dhana kwamba seli ya mafuta ni adui na kila kinachoizuia ni dawa. Kuna watu wanaozaliwa karibu bila seli za mafuta. Kwa macho ni wembamba, mishipa na misuli imewachomoza. Wengi wao wanapata kisukari kikali, na maini yao yanajaa mafuta. Kwa nini? Kwa sababu mafuta wanayokula hayana ghala. Hujazana kwenye ini na kwenye misuli, mahali ambapo si pake, na huko ndiko yanakoleta balaa. Seli ya mafuta yenye afya ni ghala, na ghala likijaa mno au likikosekana kabisa, mchele utamwagika sebuleni.

Kuna hata dawa zilizojengwa juu ya jambo hili. Mwaka 1995 ilibainika kwamba kundi la dawa za kisukari liitwalo thiazolidinidioni hufanya kazi kwa kumshika PPAR gamma na kumpa nguvu. Wagonjwa walipungua sukari na wengi wao wakaongezeka uzito, yote mawili kwa pamoja. Dawa hizo zina historia ya madhara. Moja iliondolewa Marekani mwaka 2000 kwa kuharibu ini, nyingine, rosiglitazoni, ikasimamishwa Ulaya mwaka 2010 kwa wasiwasi wa moyo. Sizisifu. Ninachosema ni kwamba kisukari na unene havipandi na kushuka kwa kamba moja. Na kwa wale wa habasoda, msicheke mapema. Mwaka 2008 watafiti wa Montreal walitia mchujo wa habasoda kwenye seli changa za mafuta, na seli zikajaza mafuta haraka, kiasi cha kulinganishwa na zile zilizopewa rosiglitazoni. Watafiti wenyewe waliyaona hayo kuwa habari njema kwa mgonjwa wa kisukari. Ile chupa ya mafuta ya habasoda iliyobandikwa picha ya kiuno chembamba haikunukuu utafiti huo.

Jambo jingine ni hesabu ya seli zenyewe. Mwaka 2008 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walitumia njia ambayo mimi naiona ya ajabu. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 yalimwaga kaboni-14 angani, ikaingia kwenye chakula na kwenye DNA za watu. Kwa kuipima katika seli za mafuta waliweza kujua seli ilizaliwa lini. Wakakuta kwamba idadi ya seli za mafuta za mtu huwekwa utotoni na ujanani, halafu ukubwani haibadiliki sana. Kila mwaka kiasi cha asilimia 10 hufa na nyingine huzaliwa kuchukua nafasi. Hata watu waliopunguzwa tumbo kwa upasuaji wakakonda, idadi yao ilibaki vile vile. Seli zilinywea tu. Kwa hiyo "kuua mbegu ya unene" kwa kijiko cha asubuhi ni ahadi kubwa ambayo hata kisu cha daktari hakikuitimiza.

Tufanye na hesabu ya dozi, maana nimeshaambiwa safu hii haina hesabu. Chukua panya wa gramu 40 anayekula gramu 4 za chakula kwa siku. Asilimia 2 ya chakula hicho ni miligramu 80 za uwatu, yaani gramu 2 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 70 akifuata kipimo hicho moja kwa moja atakula gramu 140 za uwatu kila siku. Hebu nione anayeweza! Lakini wataalamu hawahesabu hivyo, kwa kuwa mwili mdogo huunguza chakula kwa kasi zaidi. Wao hugawanya kwa 12 hivi, na tunapata karibu gramu 12 kwa siku. Hizo zinalika, ila ni zaidi ya kijiko kimoja cha chai, na ni kila siku.

Majaribio kwa watu yapo, mengi madogo, na baadhi yameonyesha sukari ya damu ikishuka kwa kiasi. Hapo ule ute wa galaktomanani nadhani una sehemu kubwa kuliko kitu chochote kinachotokea kwenye kisahani: unafanya uji mzito tumboni, na sukari inaingia kwenye damu polepole. Hiyo haihusu seli za mafuta hata chembe.

Mnaweza kuuliza kwa nini nimelishikia bango jambo la kijiko cha uwatu, kitu ambacho hata kwetu kinaliwa. Ni kwa sababu ya khalati yangu wa Maskati. Ana kisukari cha aina ya pili, na alikuwa akimeza vidonge viwili vya metformini kwa siku. Baada ya ule ujumbe akapunguza akawa anameza kimoja, nafasi ya cha pili akaweka uwatu, na hakumwambia mtu. Nimelijua kwa bahati tu, mwezi uliopita, nilipompigia simu.

"Shikamoo khalati."

"Marahaba mwanangu. Nimekonda, umeona picha?"

Nilimwuliza kuhusu vidonge. Akaniambia hivyo vidonge vya Wazungu ni kemikali, na uwatu kauumba Mungu. Nikamsimulia metformini ilikotoka. Kuna mmea wa Ulaya na Asia Magharibi unaoitwa Galega officinalis, wa jamii ya kunde, maana yake ni ndugu wa mbali wa uwatu. Watu wa zamani waliutumia kama dawa. Ndani yake mna galejini, inayoshusha sukari lakini ina sumu. Wanakemia wakatafuta ndugu zake walio wapole. Werner na Bell wakatengeneza metformini Dublin mwaka 1922, ikakaa kabatini miaka mingi, mpaka daktari Jean Sterne wa Paris alipochapisha mwaka 1957 kuwa inawafaa wagonjwa. Uingereza ikaipokea mwaka 1958. Marekani ikangoja mpaka 1994.

"Kumbe ni majani," akasema.

"Yalikuwa majani, khalati. Sasa yanajulikana dozi."

Akanyamaza, halafu akaniuliza swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu. Yeye atajuaje kama uwatu unamfaa au haumfai? Nikamwambia kuna kipimo cha damu, HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita. Hakidanganyiki kwa kufunga siku moja kabla ya kwenda hospitali, hila ambayo kwetu naona kila mtu anaijua. Nikamwomba amwambie daktari wake kila kitu, kwa kuwa uwatu mwingi pamoja na dawa unaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Vivyo hivyo kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Na mjamzito asivuke kile kiasi cha kwenye chakula, hata kama bibi mzaa mama amesimama mlangoni na bakuli.

Tukaenda hivyo nusu saa. Nilipokuwa namweleza habari za Kyoto alinikatiza: wale panya, uwatu wao ulitiwa ndimu? Nikasema haukutiwa. Akasema basi hawakula uwatu.

Vidonge amerudi kwenye viwili. Uwatu hajauacha, ila safari hii daktari anajua. Kipimo chake ni mwezi ujao.